Barua kwa Waandishi wa Programu wa Mombasa

London

Ndugu zangu wapenzi,

Maulizo yenu yamenifikia, na aghalabu yanarejea mahali pamoja: je, mtu anayeandika programu za kompyuta kwa ijara ya mwezi aiache kazi hiyo, afungue biashara yake mwenyewe? Jawabu langu ni kuwa aache, ila si kabla ya kumpata mnunuzi asiyekuwa jamaa wala sahibu yake, aliyelipa kwa hiari, na mwezi wa pili akarudi kulipa tena.

Patrick McKenzie, Mmarekani aliyekuwa ameajiriwa Japani, alitunga mwaka 2006, nje ya saa za kazi, programu ndogo ya kuwachapia walimu kadi za bingo, mchezo unaotumiwa shuleni kuwazoeza watoto kusoma maneno. Jambo lenyewe ni dogo hata wengi wenye elimu wangeliona halistahili juhudi zao. Lakini mwalimu aliyechoka kuchora kadi kwa mkono aliona kheri kutoa fedha kidogo apumzike. Wala McKenzie hakuacha ajira yake hata 2010. Miaka hiyo ya kungoja ndiyo ninayotaka muitazame, kuliko siku aliyojiuzulu, kwa kuwa ndani yake mtu hupata yale ambayo ni nadra mwajiri kumfundisha mwandishi wa programu: kuieleza bidhaa kwa lugha ya mnunuzi, kukadiria bei, na kumjibu kwa stahamala mteja aliyeghadhibika.

Hata Ben Chestnut na Dan Kurzius wa Atlanta, walioanzisha Mailchimp, huduma ya kutuma barua pepe za biashara, mwaka 2001 pasipo rasilmali ya wawekezaji, na wakaja kuiuza 2021 kwa kadiri ya dola bilioni 12, walikuwa kwanza wakijikimu kwa kuwaundia watu tovuti.

Linalonitia hofu zaidi kwa anayeandika programu yake hali bado ameajiriwa ni milki: programu hiyo ni ya nani. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1988 yaamua kuwa kazi aliyoitunga mwajiriwa katika kutimiza ajira yake ni mali ya mwajiri, ila wakiwa wameafikiana vingine, na sheria ya Kenya ya 2001 imeshika njia iyo hiyo. Basi someni mikataba yenu neno kwa neno, msiguse kompyuta ya kazini wala saa zake kwa shughuli yenu, na penye shaka mtakeni mwajiri idhini ya maandishi, muihifadhi.

Nanyi wazazi wetu, nawasihi kwa taadhima msimwite mpotevu kijana aliyeacha mshahara hali ana wateja. Muulizeni wateja wake ni akina nani.

Huko mna neema kubwa: tangu M-Pesa, huduma ya kulipa kwa simu, ianze mwaka 2007, hata mwenye kipato kidogo aweza kulipa kidogo kidogo, pasipo benki. Kwa nini basi mwigize programu za London, ilhali ustadhi wa madrasa mtaani bado anaandika ada za wanafunzi daftarini, na kila mwisho wa mwezi anakesha akitafuta ni nani hajalipa? Nendeni kwake wiki hii, mketi naye anapofunga hesabu, mwone anapokwama, kisha niandikieni ni kiasi gani yuko tayari kulipa kwa mwezi.

Ndugu yenu wa ughaibuni