Nani analinda friji za Goma?

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitaja jengo moja ambalo wakaaji wengi wa mji hawakuwa wanalifikiria: maabara ya INRB, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba. Humo mnahifadhiwa vijidudu hatari, virusi vya Ebola vikiwemo. Kamati ilionya kwamba maabara isipolindwa, vinaweza kutoka na kuenea.

Kwa nini vitu hivyo viko Goma na si Ulaya? Jibu liko katika kazi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kaskazini mwa nchi, kwenye hospitali ya misheni iliyopigwa na ugonjwa usiojulikana. Alitoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila glovu. Damu haikukauka pale sindano ilipochoma, ilimtiririkia vidoleni. Alinawa kwa maji na sabuni, basi. Damu ya mtawa mgonjwa aliyerudi naye Kinshasa ilisafirishwa hadi Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya thermosi. Kati ya wagonjwa 318 wa mlipuko ule, 280 walikufa. Sifa za ugunduzi zilibaki ng'ambo kwa miaka mingi.

Kikwit, mwaka 1995, Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakaishi. Wengi ng'ambo walilitilia shaka jambo hilo. Baadaye damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo iliyotoa dawa ya mAb114, iliyojaribiwa huku kwetu mashariki wakati wa mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliochukua watu 2.287.

Katika mlipuko huohuo Muyembe alitangaza kwamba sampuli zote za damu zitabaki Kongo. Wapo waliosema ni majivuno. Mimi naona ni haki: aliyetoa damu asiombe ruhusa ya kuisoma.

Lakini kuwa na mali ni kuilinda, na hapo ndipo tuko wadhaifu. Usalama wa maabara si nguo za kujikinga peke yake. Ni umeme usiokatika, ni mazutu ya jenereta, ni fundi anayeweza kufika kazini bila kuzuiwa barabarani. Baridi ikiisha, sampuli zinaharibika, na miaka ya utafiti inapotea. Mlango ukivunjwa ni mbaya zaidi, kwa sababu mporaji anayebeba friji hajui amebeba nini, wala jirani atakayeinunua.

Wanaojadili amani ya Kivu huongea juu ya wafungwa, viwanja vya ndege na benki. Waitaje na maabara hii: mafundi wake wapite, mazutu yafike, na orodha ya vilivyomo ijulikane Kinshasa na Goma pia, hata nani awe anashika mji.