Haraka ya malipo isimzibe mtu mdomo

Mwandishi anayetaka wasuluhishi wa migogoro ya malipo ya ujenzi waachane na taratibu ana haki ya kukasirika. Mkandarasi mdogo aliyetandaza nyaya za jengo zima Nairobi, kisha akaambiwa asubiri mpaka mkandarasi mkuu alipwe, hana muda wa kusikiliza mawakili. Hadi hapo tuko pamoja.

Lakini chukua karatasi ya vipimo. Mkandarasi mkuu anampelekea msuluhishi vipimo vipya vinavyopunguza mita za kebo zilizolazwa, mdai hajaviona. Uamuzi unatoka kesho yake. Haraka hiyo kaifaidi nani? Anayedhani taratibu humlinda mwenye pesa tu hajawahi kukatwa malipo kwa waraka ambao hakuonyeshwa.

Tena sheria haidai mlolongo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995 kinataka pande zote zitendewe sawa, na kila upande upate nafasi ya haki, ya kiasi, kujieleza. Siku chache za kujibu kwa maandishi zaweza kutosha. Zinyime, na kifungu cha 35 kinampa aliyeshindwa miezi mitatu kuiomba Mahakama Kuu itengue tuzo. Mdai anaanza upya, mfuko mtupu.

Kama shida ni kasi, tuige Uingereza: chini ya sheria yao ya 1996, mwamuzi wa mgogoro wa ujenzi kwa kawaida ana siku 28, na pesa hulipwa kwanza, ubishi wa mwisho baadaye. Hata huko, uamuzi uliotolewa bila kusikiliza upande mmoja mahakama huweza kukataa kuutekeleza.