"Tukishuka Kuna Pipa?" Udhuru wa Kutupa Taka Njiani

Wiki jana nilipanda matatu kutoka Kongowea kuja mjini. Tulipofika juu ya Daraja la Nyali, kijana aliyeketi mbele yangu alimaliza maji yake, akaitupa chupa nje ya dirisha. Mama mmoja mtu mzima akamwambia, "Mwanangu, hiyo haingengoja tushuke?" Kijana akamjibu, tena kwa adabu, "Mama, tukishuka kuna pipa?" Gari zima likacheka.

Mimi sikucheka sana, kwa sababu jibu lile lina ukweli ndani yake. Tumezoea kulimaliza suala la taka kwa matusi: watu wa Mombasa wachafu, kaunti imelala, basi. Lakini tuulize kwa makini: je, kuna siku mtu anaweza kutupa taka njiani akawa na haki?

Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 champa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo laweka uzoaji wa taka mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hivyo lori la taka likipita mtaani kwako si hisani ya mtu. Sasa mtazame mchuuzi wa Kongowea. Asubuhi atozwa ushuru, jioni hana pa kutia maganda ya ndizi na majani ya kabeji. Ayakusanya, ayaacha rundo kando ya njia, aenda zake nyumbani. Huyo siwezi kumtia fungu moja na kijana wa daraja. Taka ameziacha mahali pa watu, ni kweli, lakini zaonekana, na lori likija litazikuta. Amemrudishia kazi yule aliyelipwa kuifanya. Huo ndio udhuru pekee ninaoukubali, nao una mpaka: rundo hilo likisukumwa mtaroni, udhuru umekwisha.

Nasema mtaro kwa sababu hapo ndipo maneno yetu yote yanapopimwa. Mtaro wa Mombasa ulichimbwa upeleke maji ya mvua baharini. Ukijaa chupa na matambara, masika yakija maji hayana pa kwenda ila kurudi kwa watu. Hayarudi kwa aliyetupa. Yaingia kwa aliyepanga chumba cha chini, yaharibu godoro na unga, na watoto wake wavuka maji meusi kwenda shule. Aliyetupa chupa huenda akaishi ghorofa ya tatu, au ng'ambo kabisa. Ndiyo maana sioni kwamba kutupa taka ni jambo la mtu na dhamiri yake tu. Ni kumhamishia jirani gharama bila kumuuliza.

Na tusisahau ni nani aliyetufunza. Kwa miaka mingi jaa kuu la mji huu lilikuwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, mbele ya macho ya kila aingiaye kisiwani kwa njia ya Makupa. Wakubwa wenyewe walikuwa wakimwaga taka za mji mzima pale, moshi ukipaa na kunguru wakishindana. Jaa lile likafungwa, pakapandwa miti, na taka zikapelekwa Mwakirunge. Pahali pamependeza. Lakini mtoto aliyekua akiona serikali ikitupa taka kando ya bahari, leo akirusha chupa katika hori ya Tudor, somo amelipata wapi?

Hilo laeleza tabia yake. Halimpi ruhusa.

Wazee wana udhuru wao mwingine: zamani pia tulitupa, na mji haukuchafuka. Kweli, tulitupa makumbi, maganda ya muhogo, jani la mgomba. Vitu hivyo huoza. Tabia ya mkono imebaki ile ile, kilichobadilika ni kilichomo mkononi. Mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa tishio la faini ya hadi shilingi milioni nne, na kwa hakika mikoko yetu ilipumua. Chupa zikabaki. Hata hivyo nisiwaachie wazee wangu hoja hii bure, maana dafu tupu lililotupwa nyuma ya ukuta hukusanya maji ya mvua, na maji hayo ndiyo mazalio ya mbu wa dengi, homa ambayo Mombasa imeionja zaidi ya mara moja. Kuoza kwake ni baadaye, mbu ni wiki hii.

Udhuru uniudhio zaidi ni ule wa "nawapa kazi wafagiaji". Wausemao mara nyingi ni watu wenye magari yao, vioo vimepandishwa, ambao hushusha kioo kwa ajili ya kutupa tu. Mfagiaji hakosi kazi mji ukiwa safi: kuna mchanga, kuna majani ya miembe, kuna mitaro ya kuzibua. Mtazame alfajiri, ameinama, kitambaa puani, akiokota nepi ya mtoto wa mtu asiyemjua. Mwambie yeye kwamba unamsaidia. Kisha usikilize atakavyokujibu.

Basi nirudi kwa kijana wetu. Pipa halikuwepo, na hilo ni kosa la kaunti. Mikutano ya bajeti ya wadi ndipo pa kuulizia mapipa mangapi, mtaa gani, na lori hupita siku gani. Lakini chupa tupu haina uzito. Ingekaa mfukoni mwake mpaka nyumbani kama ilivyokaa ilipokuwa imejaa.

Mwaka 2025 NEMA iliagiza magari yote ya abiria yawe na vyombo vya kutilia taka, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Tuliposhuka nilichungulia ndani ya ile matatu, sikukiona. Nikamuuliza makanga. Akaniambia kilikuwapo, wakakitoa ili abiria wa nyuma apate pa kuweka miguu.