Uwanja wa mabilioni Hobart, ligi iliyokufa kwenye murram Queenstown

Si kila siku serikali inatikiswa na uwanja wa michezo. Tasmania, kile kisiwa cha kusini mwa Australia, waliliona hilo Juni 2025. Bunge lilipiga kura ya kutokuwa na imani na kiongozi wa serikali, Jeremy Rockliff, na wananchi wakarudishwa debeni Julai 19, miezi kumi na sita tu baada ya uchaguzi uliotangulia. Malalamiko yalikuwa mengi, deni la serikali na sakata la feri zikiwemo, lakini stori iliyokuwa midomoni mwa kila mtu ilikuwa uwanja wa Macquarie Point, pale mjini Hobart. Viti 23,000, paa juu, na gharama ambayo ilianza kwa dola milioni 715 za Australia ikapanda hadi kupita bilioni 1.1. Kwa pesa zetu hiyo ni takriban Sh90 bilioni. Rockliff alirudi madarakani, na Desemba bunge likaupitisha uwanja.

Kumbuka kisiwa chote kina watu chini ya 600,000. Embakasi peke yake, kwa sensa ya 2019, ilikuwa inakaribia milioni moja.

Kisa cha haya yote ni futi. Si soka. Futi ya Waaustralia ni mchezo wao wenyewe: wachezaji 18 kila upande, uwanja wa umbo la yai, nguzo nne kila mwisho. Ukipiga mpira ukapita katikati ya zile nguzo mbili ndefu unapata pointi 6, ukienda kando kidogo unapewa moja ya pole. Mpira unarukiwa hewani, unadakwa, watu wanagongana kama raga ila bila ule mpangilio wa raga. Ulianzia Melbourne, sheria za kwanza zikaandikwa 1859. Tasmania wamecheza futi tangu enzi za mababu zao na wametoa mastaa wengi tu, lakini ligi kuu ya taifa, AFL, haikuwahi kuwapa timu. Mei 2023 ndipo walipopewa leseni, ya timu ya 19. Itaitwa Devils na imepangwa kuanza 2028. Sharti lilikuwa moja: jengeni uwanja mpya wenye paa. Kwa hiyo Hobart sasa kuna matumaini, kuna hasira, na kuna bili.

Sasa wacha tuache Hobart. Shika barabara kuu ya Lyell kuelekea magharibi, kilomita kama 260 za kona na mlima. Unashuka kwenye mji unaoitwa Queenstown, na kitu cha kwanza kukushangaza ni milima yenyewe. Ina rangi ya waridi na kijivu, miamba mitupu, kama mtu aliinyoa. Chini kabisa, katikati ya mji, kuna uwanja wa futi usio na nyasi. Hata unyasi mmoja. Ni changarawe iliyoshindiliwa. Wenyewe wanauita the Gravel.

Sisi tuliokulia mitaani tunaelewa. Umeteleza kwenye murram, goti limebaki nyama, unaenda nyumbani ukiwa na hadithi ya kumpa mama kuhusu suruali ya shule. Tofauti ni kwamba sisi tunacheza kwenye murram kwa sababu hakuna aliyetupandia nyasi. Queenstown walikuwa na kampuni tajiri, walikuwa na reli, walikuwa na umeme wao wenyewe, na bado nyasi zilikataa.

Hebu tuone kwa nini, maana hapa ndipo habari ya ligi inapoanzia. Dhahabu ilionekana maeneo hayo 1883. Baadaye ikagundulika utajiri halisi ni shaba, na 1893 ikaundwa kampuni ya Mount Lyell Mining and Railway. Mmarekani mmoja, Robert Sticht, akaleta mbinu ya kuyeyusha shaba kwa kutumia salfa iliyo ndani ya mawe yenyewe kama kuni. Tanuri zikawashwa 1896. Moshi wa salfa ukatanda bondeni mchana na usiku, mvua ikigeuka asidi. Miti ambayo moshi haukuiua ilikatwa kulishwa tanuri na kushikilia mapango ya mgodi; makadirio ni kwamba tani milioni 3 za miti zilikatwa kati ya 1896 na 1923. Kisha ikaja mvua. Queenstown hupata karibu milimita 2,400 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Nairobi. Mlima usio na mti ukipigwa na mvua kama hiyo, udongo wote unateremka mtoni. Katika mji wa namna hiyo kupanda nyasi ni kujisumbua. Uwanja wa nyasi ungekuwa bwawa la matope kuanzia Aprili hadi Septemba, miezi ile ile ambayo futi inachezwa. Changarawe inapitisha maji. Basi wakamwaga changarawe, wakacheza.

Halafu kuna jambo la barabara. Hadi 1932 hakukuwa na barabara ya kutoka Queenstown hadi Hobart. Njia ya kutoka ilikuwa reli ya kampuni hadi bandarini, yenye meno katikati ili treni isirudi nyuma kwenye mteremko. Ukiwa umefungiwa hivyo na milima, utacheza na nani kama si jirani yako? Ndiyo maana mji mdogo ulikuwa na timu kadhaa. Na majina yao yanakuambia kila kitu. Kulikuwa na Smelters, yaani watu wa tanuri. Kulikuwa na City, watu wa mjini. Kulikuwa na Lyell-Gormanston, wa kule juu mlimani karibu na mgodi. Jumamosi ulikuwa unagongana na mtu ambaye Jumatatu mtakuwa pamoja chini ya ardhi, umemshikia taa. Hilo si jambo dogo kwenye mji ambao Oktoba 1912 ulipoteza wachimbaji 42 kwa moto mmoja wa mgodini.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea. Reli ya kampuni ilifungwa, na barabara ya Murchison ikafunguliwa kuunganisha miji ya magharibi na Burnie, kaskazini. Ghafla Rosebery, wenye mgodi wa zinki, na Zeehan, mji wa zamani wa fedha na risasi, wakawa jirani wa kweli wa Queenstown. Katikati ya miaka hiyo ya 60 ndipo vilabu vya eneo zima vikawa chini ya ligi moja, Western Tasmanian Football Association, WTFA kwa kifupi. Barabara ndiyo iliyoizaa ligi hii. Lishike hilo, tutalirudia.

Kwa miaka kama thelathini WTFA ndiyo ilikuwa wikendi ya watu wa magharibi. Tusiipambe kupita kiasi. Ilikuwa ligi ya wachimbaji: ngumu, yenye damu kwenye viwiko, yenye bia baada ya mechi. Timu za nje zilizopanda kuja Queenstown zilikuwa zinafunga bandeji kabla ya mechi badala ya baada. Lakini ndiyo iliyokuwa inamfanya kijana mgeni, aliyekuja kutafuta kibarua mgodini bila kujua mtu, apate watu wake ndani ya wiki mbili. Ukijua kucheza, kazi pia haikuwa shida sana. Kwenye mji wa kampuni moja mambo hayo yanakwenda pamoja, hata hapa kwetu timu za kampuni za chai na sukari zilijengwa hivyo hivyo.

Ilikufa mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ukiwauliza watu kwa nini ligi za mashambani zinakufa, jibu la haraka ni lile lile kila nchi: vijana wa siku hizi wamekuwa wavivu, wako kwenye simu. Sawa, lakini 1993 simu gani? Hiyo hadithi haishiki hata kidogo. Angalia mishahara ndipo utaona.

Katikati ya miaka ya 1970 bei ya shaba duniani ilianguka na Mount Lyell ikaachisha kazi mamia ya watu. Hao walikuwa wafungaji, mabeki, makocha, na wake zao waliokuwa wanapika jikoni siku ya mechi. Kilichookoa miji hiyo kwa muda ni mabwawa. Shirika la umeme la serikali lilikuwa linajenga vituo vya umeme wa maji magharibi, na vibarua vilikuwepo. Likataka kuzuia mto Franklin pia, hapo ndipo ikazuka vita ya wanamazingira ya 1982 na 1983. Polisi, mitumbwi, mamia ya waliokamatwa. Julai 1983 Mahakama Kuu ya Australia ikafunga mlango: Franklin haitazuiwa. Huko mjini Hobart na Melbourne watu walishangilia. Queenstown walilia, na mimi sioni sababu ya kuwacheka. Mto uliokolewa, na ilikuwa haki uokolewe, lakini hakuna aliyewaambia wao wataishi na nini.

Wakapewa bwawa mbadala kwenye mto King. Kituo chake cha umeme kikaanza kazi 1992. Na bwawa likiisha, wajenzi wanaondoka. Miaka miwili baadaye, Desemba 1994, kampuni ya Mount Lyell yenyewe ikafunga virago baada ya zaidi ya miaka mia moja. Weka hizo tarehe karibu na tarehe ya kifo cha ligi uone kama unahitaji mtaalamu. Ligi inahitaji timu nne au tano zilizojaa kila Jumamosi, pamoja na zile za wachezaji wa akiba na za watoto. Ukipoteza familia mia tatu, timu ya kwanza unaweza kuiokoteza. Ile ya watoto huwezi.

Kuna sababu nyingine ambayo haisemwi sana, nayo ni shifti. Mgodi mwingine ulikuja kuendesha shughuli Queenstown kuanzia 1995, kwa hiyo kazi hazikuisha zote. Lakini uchimbaji wa kisasa ni wa shifti za saa 12, siku kadhaa mfululizo, kisha mapumziko. Na kwa kuwa barabara sasa ni nzuri, mfanyakazi anaweza kuishi Burnie, kwenye shule bora na supermaketi kubwa, akaja tu wakati wa zamu yake na kulala kambini. Mtu wa hivyo Jumamosi yuko chini ya ardhi au yuko nyumbani kilomita 150 mbali. Barabara ile ile iliyoizaa ligi ikaja kuwa njia ya watu kuondokea. Anayelipwa vizuri na mgodi wa Queenstown anaweza asijue hata uwanja uko wapi.

Vilabu vya mji vilifanya kilichobaki kufanywa: maadui wa miaka yote wakaungana kuwa timu moja, Queenstown Crows. Ebu fikiria Gor na Ingwe kuvaa jezi moja kwa sababu wachezaji hawatoshi. Crows wakaingia kwenye ligi za kaskazini-magharibi, maana yake kila baada ya wiki moja wanasafiri saa mbili na zaidi kwenda, na nyingine kurudi. Gormanston yenyewe imebaki nyumba chache na upepo. Queenstown, uliokuwa na watu zaidi ya 5,000 mwanzoni mwa karne ya 20, sasa uko chini ya 2,000. Mgodi ulifungwa tena 2014 baada ya wafanyakazi watatu kufa ndani ya wiki chache.

Cha ajabu, uwanja umebaki. Watalii wanashuka kwenye ile treni ya zamani, iliyofufuliwa 2002, wanaenda kuupiga picha. Tamasha la sanaa la The Unconformity liliweka mechi hapo kama sehemu ya ratiba. Kuna hata wakazi waliowahi kupinga milima isipandwe miti, wakisema kipara hicho ndicho kinacholeta wageni. Mtu wa mji uliokufa kiuchumi hana muda wa kuona aibu, anauza kovu lake.

Turudi kwenye mabilioni ya Hobart. AFL imechangia dola milioni 15 kwenye uwanja huo, serikali ya taifa milioni 240, na Tasmania yenyewe imeahidi Devils milioni 12 kila mwaka kwa miaka 12. Wakati huo huo ligi ya juu ya kisiwa, Tasmanian State League, ilivunjwa mwisho wa msimu wa 2024 na vilabu vikarudishwa kwenye ligi za kanda. Wapangaji wanasema pesa zitashuka hadi mashinani na vijana watapata ngazi ya kupanda. Inawezekana. Sisi pia, na Talanta inayojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, tunaambiwa maneno ya ukoo huo huo. Ila uwanja wa Hobart hauwezi kumpa mtu wa Rosebery likizo ya Jumamosi, na Devils wakishinda kombe, Zeehan haitapata watoto 18 wa kujaza timu. Kilichoua WTFA hakikuwa ukosefu wa mashabiki wala wa viti.

Kuna habari moja zaidi, na hii ndiyo mimi ninaifuatilia kuliko ya paa. Mgodi wa Mount Lyell sasa uko mikononi mwa Sibanye-Stillwater, kampuni ya Afrika Kusini, na imekuwa ikipiga hesabu kama inafaa kuufungua tena, maana shaba inatafutwa kila kona kwa ajili ya nyaya na magari ya umeme. Wanasiasa watauliza kuhusu kodi, wanamazingira watauliza kuhusu mto King, ambao ulibeba karibu tani milioni 100 za mabaki ya mgodi hadi baharini. Wote wana haki ya kuuliza. Mimi ningewauliza kuhusu ratiba: mchimbaji wenu atalala wapi, na Jumamosi saa nane mchana atakuwa zamu gani?