Usiwaue samaki wako kwa wasiwasi

Majuzi bibi mmoja alinijia kliniki akilalamikia kukosa usingizi. Nilipomdadisi, kumbe huamka usiku kuwachungulia samaki wake wa mapambo, na kila asubuhi humwaga maji yote ya tangi na kutia mapya ya mfereji. Hata hivyo wanazidi kufa.

Kwa maoni yangu, wasiwasi huo ndio unaowaua. Klorini ya maji ya mfereji hudhuru matamvua wanayopumulia, na huua bakteria wanaovunja sumu ya uchafu wao. Badilisha robo ya maji kila wiki, ukitumia yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima. Walishe kidogo.

Tembe za usingizi sikumpa. Nilimwagiza awaache samaki watulie, naye alale.