Fungurume: Vipande vya vikwembe si takataka, na msitu si makala tu

Kila jioni, mbele ya nyumba za mafundi wa nguo, vipande vya vikwembe vinafagiliwa na kuchomwa pamoja na takataka. Kwenye barabara hiyo hiyo wanapita wamama wanaotoka porini na beseni kichwani: uyoga wakati wa mvua, finkubala majira yake yakifika, kuni kila siku. Nguo na msitu vinapishana hapo, lakini wachache wanafikiri kuviunganisha. Hiyo ni hasara ya muji mzima.

Kazi yenyewe haina siri. Mama ametembea porini, ameona rangi na maumbo. Akirudi nyumbani anakata vipande kwa umbo la jani, la njia, la mulima. Anavishona juu ya kitambaa kikubwa, chini anatandika blanketi ya zamani na kitambaa kingine, kisha anapitisha sindano katika tabaka zote tatu. Kinachotoka ni picha ya kutundika ukutani au kujifunika usiku wa baridi wa mwezi wa sita. Sindano, uzi na vipande vya bure vinatosha kuanza.

Lakini wasichana wakipelekwa kujifunza kushona, wanafundishwa nini? Mara nyingi ni libaya na nguo za shule, basi. Ukitaja picha za nguo, jibu linakuja haraka: hiyo ni michezo ya Wazungu walioshiba, hapa watu wanatafuta unga.

Jibu hilo linasahau nchi yake yenyewe. Kule Kasai, wamama Wakuba wanashona vipande juu ya nguo ndefu za raffia tangu enzi za babu zao. Matisse, mchoraji mkubwa wa Ufaransa, alikuwa na nguo hizo kwenye karakana yake. Na wale wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, hawakuwa watu walioshiba. Ni wajukuu wa watumwa, walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za kazi ya shamba ili watoto wasipate baridi. Mwaka 2002 mablanketi hayo yalionyeshwa kwenye jumba la Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikayachapa kwenye tembo zake. Umaskini haukuwazuia kuwa na macho.

Na macho ya Fungurume yana kitu cha kuona. Kabla ya mvua ya kwanza, miti ya miombo inatoa majani mapya mekundu kama shaba. Katikati ya msitu kuna milima isiyo na miti, kwa sababu udongo wake una shaba nyingi mno. Juu yake yanaota majani na maua yaliyozoea sumu hiyo. Wanasayansi wamehesabu zaidi ya aina 30 za mimea ya Katanga inayoota kwenye udongo wa namna hiyo peke yake. Ua la shaba, Haumaniastrum katangense, limewasaidia hata watafiti wa mambo ya kale kupata mahali ambapo wazee waliyeyusha shaba zamani.

Sasa milima hiyo ndiyo inayochimbwa. Pembeni yake miombo inageuka makala, kwa sababu jimbo linalotoa kobalti ya betri za dunia bado linapika kwa makala. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Gembloux, Ubelgiji, wamefanya kazi na kampuni ya Tenke Fungurume Mining ili kuokoa mimea hiyo. Ni vizuri. Lakini ua lenye jina la Kilatini kwenye kitabu cha wataalamu, ni watoto wangapi wa Fungurume wanaolijua? Mama anayepita kando yake kila juma, nani amemuuliza analiitaje?

Tusidanganyane pia. Kitambaa hakirudishi muti uliokatwa. Siku picha hizi zitakapotundikwa kwenye biro zenye hewa baridi, huku njia ya porini imefungwa, zitakuwa pambo la matanga. Anayetaka picha ya msitu aache kwanza msitu wa kutembelea.

Pesa zipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inalazimisha kampuni zinazochimba kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Visima, shule na vituo vya afya vitangulie, hakuna anayebisha. Lakini katika fungu hilo chumba kimoja cha kushonea, mwalimu mmoja na meza ya kuuzia kando ya barabara ya Likasi na Kolwezi ni kitu kidogo sana. Wawakilishi wa wakaaji waombe hayo. Waombe pia sehemu ya miombo isiyoguswa, na kilima kimoja cha shaba kilichoachwa na maua yake.

Wamama wasingoje ruhusa ya mutu. Kesho jioni, kabla fundi hajawasha moto, waombe vile vipande.