Mgeni Apewapo Jembe

Nilikuwa na miaka 17 nilipopelekwa Leipzig kusoma mwaka mmoja, nikaishi na familia ya Kijerumani. Lugha yao ina maneno mawili: Gast ni mgeni aliyekaribishwa, Fremder ni mgeni asiyejulikana. Kiswahili kina moja tu, mgeni, nami kwa majuma mawili sikujua mimi ni yupi kati ya hao. Mama mwenyeji alinipikia, akanifulia, wala hakuniruhusu kugusa sahani.

Jioni moja, baada ya mkate na jibini, alinikabidhi kitambaa nikaushe vyombo. Usiku ule nililia, nikidhani wamenichoka. Methali ilinisuta: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Wengi hufundisha kwamba jembe hilo humfukuza mgeni. Mimi naona humwingiza nyumbani, kwa kuwa apewaye jembe ana haki ya mavuno. Kesho yake jina langu liliandikwa kwenye orodha ya zamu, chini ya majina ya watoto wao. Washairi wenzangu, methali hii tuisome upya.